Kalsiamu kwa Matembe Wanaokaribia Kutaga: Kiasi, Aina na Wakati Wake

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mfugaji wa nyumbani anayenunua chakula cha kuku dukani, au anayechanganya chakula chake mwenyewe, na ambaye kundi lake la matembe linakaribia kuanza kutaga. Tembe ni kuku jike aliyekwisha kukua lakini bado hajataga yai lake la kwanza. Katika wiki chache zinazotangulia yai hilo, mfugaji hufanya uamuzi mmoja ambao matokeo yake yataonekana kwa mwaka mzima na zaidi: lini aache chakula cha kukuzia na kuanza chakula chenye kalsiamu nyingi.

Wengi wanajua kwamba kuku wa mayai anahitaji kalsiamu. Wachache wanajua kwamba madini hayo hayo, yakitolewa mapema mno, huharibu figo za ndege mchanga, na yakitolewa kwa kuchelewa, humlazimisha ndege kuivunja mifupa yake mwenyewe ili apate ganda la yai. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika kulisha matembe, methali zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza kueleza ganda la yai linatoka wapi, kutambua wakati sahihi wa kubadili chakula, kuchagua chanzo salama cha kalsiamu sokoni, na kutofautisha upungufu wa kalsiamu na matatizo mengine yanayofanana nao.

1. Ganda la yai linatoka wapi

Ganda la yai moja la ukubwa wa kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6. Karibu lote, yaani asilimia 94 au zaidi, ni kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayounda mawe ya chokaa na makombe ya baharini. Ndani ya ganda hilo mna kalsiamu yenyewe kiasi cha gramu 2 na kidogo.

Gramu 2 huonekana kuwa kitu kidogo. Lakini mwili mzima wa kuku wa mayai una kalsiamu ipatayo gramu 20 tu, na karibu yote imo ndani ya mifupa. Kwa hiyo kila yai linapotoka, huondoka na takribani sehemu moja ya kumi ya kalsiamu yote ya mama. Kuku wa kisasa anayetaga mayai 280 kwa mwaka hutoa zaidi ya gramu 600 za kalsiamu kupitia maganda, yaani kama mara 30 ya ile iliyomo mwilini mwake. Ni wanyama wachache wa nyumbani wanaodaiwa deni kubwa namna hiyo kila siku. Deni hilo hulipwa kwa chakula. Chakula kisipotosha, hulipwa kwa mifupa.

Utengenezaji wa ganda huchukua muda wa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, wakati kuku amelala na hali chochote. Jambo hili lina maana kubwa katika namna ya kulisha, nasi tutalirudia katika sehemu ya 6.

2. Akiba inayojengwa kabla ya yai la kwanza

Siku 10 hadi 14 hivi kabla ya yai la kwanza, homoni za uzazi huanza kuubadilisha mwili wa tembe. Undu na ndevu zake huwa vyekundu, mrija wa mayai hukua, na ndani ya uwazi wa mifupa yake mirefu, hasa ya miguu, huanza kuota mfupa wa namna ya pekee. Mfupa huo si wa kubeba uzito wa mwili. Ni ghala. Kuku huweka humo kalsiamu mchana, na huichukua usiku pale ambayo tumboni haitoshi kukamilisha ganda.

Ghala hili hujengwa kwa ukamilifu katika kipindi hicho kifupi. Tembe aliyepata kalsiamu ya kutosha katika siku hizo huingia katika utagaji akiwa na akiba. Aliyebaki na chakula cha kukuzia hadi baada ya kuanza kutaga huanza safari na ghala tupu, na kwa kuwa yai lingine linadai ganda lake karibu kila siku, ni vigumu sana kwake kulijaza baadaye. Ndiyo maana mfugaji anayesema kwamba ataongeza kalsiamu akiona mayai laini, huwa amekwisha kuchelewa.

3. Hasara ya kuwahi

Chakula cha kukuzia huwa na kalsiamu karibu asilimia 1. Chakula cha kutagia, ambacho wauzaji wengi hukiita leyazi, huwa na asilimia 3.5 hadi 4 na kidogo. Tofauti hiyo ni ya mara tatu hadi nne.

Tembe wa wiki 8, 10 au 12 hana mahali pa kuipeleka kalsiamu hiyo yote. Mifupa yake inahitaji kiasi, na hana yai la kutengeneza. Ziada huingia katika damu na kuziangukia figo, ambazo hulazimika kuitoa. Hali hii ikiendelea kwa wiki kadhaa, mirija ya mkojo huziba kwa vijiwe, sehemu ya figo husinyaa, na takataka za mwili zilizopaswa kutoka huanza kuganda kama unga mweupe juu ya moyo, ini na viungo vingine. Huo ndio ugonjwa wa jongo la ndani. Dalili za nje ni kinyesi chenye majimaji na weupe mwingi, kuku kudhoofu, na vifo vya mmoja mmoja visivyo na sababu ya wazi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba madhara hayo mara nyingi hayaonekani wakati kosa linapofanyika. Ndege huweza kuishi kwa figo zilizopungua, kisha akafa miezi kadhaa baadaye, katika kilele cha utagaji, na mfugaji akadhani ni ugonjwa mpya ulioingia bandani. Kwa hiyo yule anayewapa matembe wa wiki 10 chakula cha kutagia kwa matumaini kwamba watataga mapema, hawaharakishi. Kalsiamu haimfanyi tembe akomae. Humhudumia tu akishakomaa.

4. Hasara ya kuchelewa

Tuchukue mfano wa kuku anayekula gramu 110 za chakula kwa siku. Akila chakula cha kutagia chenye kalsiamu asilimia 3.8, hupata gramu 4.2. Mwili hufyonza karibu nusu yake, yaani gramu 2.1, nacho ndicho kiasi cha ganda la yai moja. Hesabu inalingana.

Kuku huyo huyo akiendelea kula chakula cha kukuzia chenye asilimia 1, hupata gramu 1.1 tu. Hata kama mwili wake ungefyonza yote bila kupoteza chembe, bado angepungukiwa na nusu ya ganda. Pungufu hilo hutoka kwanza katika ile akiba ya mifupa mirefu. Akiba ikiisha, mwili huanza kuchukua kalsiamu kutoka katika mfupa ule unaobeba uzito: wa miguu, wa kidari, wa mgongo.

Dalili hufuatana kwa utaratibu huu. Kwanza maganda huwa membamba na kuvunjika kwa urahisi kiotani. Kisha hutokea mayai yasiyo na ganda, yenye utando tu. Kuku huanza kula mayai yaliyovunjika, na akishazoea tabia hiyo ni kazi kubwa kumwachisha. Utagaji hushuka. Mwishowe hupatikana kuku aliyekaa chini asiyeweza kusimama, mara nyingi yule aliyekuwa mtagaji bora kuliko wote, au kuku ambaye mfupa wake wa mguu au wa bawa huvunjika anapokamatwa tu. Mfupa wa kubeba uzito uliopotea namna hii haurudi wakati kuku anaendelea kutaga.

5. Ratiba ya kubadili chakula

Kwa kuku wa kisasa wa mayai, yai la kwanza huonekana kati ya wiki ya 18 na ya 20. Kuku wa kienyeji na chotara wengi huchelewa zaidi, wengine hadi wiki ya 24 au 28. Kwa sababu hiyo umri peke yake hautoshi kuwa kipimo. Mfugaji atazame ndege wenyewe. Dalili za tembe anayekaribia kutaga ni hizi:

- Undu na ndevu hukua na kuwa vyekundu vya kung'aa.
- Tembe huchuchumaa na kufungua mabawa kidogo mtu anapomkaribia au kumgusa mgongoni.
- Huingia na kutoka viotani, akichakura na kuchagua mahali.
- Mifupa miwili iliyo chini ya mkia, ambayo awali ilikuwa imekaribiana kiasi cha kupitisha kidole kimoja, huachana hadi kupitisha viwili.

Dalili hizo zikionekana kwa matembe kadhaa katika kundi, hatua zifuatazo zichukuliwe.

Hatua ya kwanza. Hadi hapo, matembe waendelee na chakula cha kukuzia bila nyongeza yoyote ya kalsiamu. Kwa kuku wa kisasa hii ni hadi wiki ya 16 au ya 17.

Hatua ya pili. Anza chakula cha mpito chenye kalsiamu asilimia 2 hadi 2.5. Baadhi ya watengenezaji huuza chakula hicho kikiwa tayari. Kisipopatikana, changanya nusu ya chakula cha kukuzia na nusu ya chakula cha kutagia. Hesabu yake ni rahisi: asilimia 1 na asilimia 3.8 zikichanganywa kwa usawa hutoa asilimia 2.4. Lisha mchanganyiko huu kwa muda wa wiki mbili hivi, si zaidi sana, kwa kuwa hautoshi kwa kuku aliyekwisha kutaga.

Hatua ya tatu. Mara mayai ya kwanza yanapoonekana, hamia chakula kamili cha kutagia. Katika kundi la matembe 100, usisubiri kupita mayai 5 kwa siku. Fanya mabadiliko kwa siku 5 hadi 7, ukiongeza chakula kipya kidogo kidogo, kwa sababu chakula chenye chokaa nyingi kina ladha tofauti, na tembe akikikataa ghafla atapoteza uzito katika wiki ambayo anauhitaji mno.

Panga manunuzi mapema. Kuku 50 wanaokula gramu 110 kila mmoja humaliza kilo 5.5 kwa siku, hivyo mfuko wa kilo 50 hutosha siku 9. Mfugaji aliyenunua mifuko mingi ya chakula cha kukuzia kwa sababu bei ilikuwa nzuri hujikuta anawalazimisha kuku wanaotaga kuimaliza. Akiba hiyo ya fedha hulipwa kwa mayai yaliyovunjika.

6. Vyanzo vya kalsiamu na namna ya kulisha

Chokaa ya mifugo. Hii ni unga au chembe za mawe ya chokaa yaliyosagwa. Ikiwa safi, huwa na kalsiamu asilimia 38 hivi. Ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayotumika zaidi viwandani. Kwa anayechanganya chakula chake mwenyewe, kilo 100 za chakula cha kutagia huhitaji kilo 8 hadi 10 za chokaa au makombe.

Makombe ya baharini na ya ziwani. Makombe ya chaza na ya konokono wa majini yana kalsiamu karibu sawa na chokaa safi. Hupatikana katika maeneo ya pwani na kandokando ya Ziwa Victoria. Shida yake ya kawaida ni mchanga na udongo unaochanganyika nayo wakati wa kukusanya. Yaoshwe, yakaushwe, kisha yapondwe.

Maganda ya mayai. Yanafaa, lakini yaoshwe, yachemshwe kwa dakika 10 ili kuua vimelea vya magonjwa kama salmonela, yaanikwe hadi yakauke kabisa, kisha yapondwe hadi yasifanane tena na yai, kuku wasije wakajifunza kula mayai. Hata hivyo yasitegemewe peke yake. Ganda moja lina gramu 2 na kidogo za kalsiamu, na mwili hufyonza karibu nusu. Kuku anayekula ganda la kila yai alilotaga hupata basi nusu tu ya anachohitaji kwa yai linalofuata.

Unga wa mifupa na daikalsiamu fosfeti, ambayo madukani huitwa DCP. Hivi hutoa kalsiamu pamoja na fosforasi. Fosforasi inahitajika kwa kiasi kidogo na huwa imekwisha kuwekwa katika chakula kamili. Kuongeza unga wa mifupa ili kuimarisha ganda ni kosa, kwa sababu fosforasi ikizidi huzuia kalsiamu isitumike vizuri. Tena unga wa mifupa usiochemshwa kwa joto la kutosha unaweza kubeba magonjwa hatari, ukiwamo kimeta.

Changarawe. Kokoto ndogo ngumu humsaidia kuku kusaga nafaka ndani ya firigisi, lakini hazimpi kalsiamu. Kuku anayekula nafaka nzima anahitaji vyote viwili.

Vitamini D. Bila vitamini hii utumbo hauwezi kufyonza kalsiamu, hata ikiwa nyingi. Kuku wanaotoka juani huitengeneza wenyewe. Wanaofungiwa ndani ya banda daima hutegemea ile iliyowekwa katika chakula, nayo hupungua nguvu chakula kikihifadhiwa kwa muda mrefu, hasa mahali penye joto na unyevu.

Unga au chembe? Unga laini hupita tumboni haraka. Chembe zenye ukubwa wa milimita 2 hadi 4 hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati ule ule ganda linapotengenezwa. Kwa hiyo ni vyema angalau nusu ya kalsiamu anayopewa kuku anayetaga iwe ya chembe. Kwa sababu hiyo hiyo, wakati mzuri wa kutoa nyongeza ni alasiri au jioni, saa mbili au tatu kabla ya giza. Kiasi cha gramu 3 hadi 5 kwa kila kuku kinatosha. Kwa kuku 50 ni gramu 150 hadi 250.

Nyongeza hiyo iwekwe katika chombo chake, isichanganywe katika chakula. Kuku anayetaga ana hamu ya asili ya kalsiamu: huila anapoihitaji, na huiacha anapotosheka. Mfugaji anayechanganya kilo 2 za chokaa katika mfuko wa kilo 50 wa chakula kilichokamilika huipandisha kalsiamu kwa karibu asilimia 1.3 na kuivusha kikomo cha asilimia 5. Hapo kuku hupunguza kula, na protini na nguvu aliyoilipia mfugaji hubaki katika chombo. Dalili mojawapo ya kuzidisha ni yai lenye vipele vya chokaa juu ya ganda.

Chombo cha pembeni ndilo pia suluhisho kwa kaya nyingi ambamo vifaranga, matembe, mitetea na jogoo hula pamoja. Wote wapewe chakula cha kukuzia, na chembe za makombe au chokaa ziwekwe katika chombo kilichoinuliwa hadi usawa wa mgongo wa kuku mkubwa, ili vifaranga wasikifikie. Mtetea wa kienyeji anayetaga mayai 10 hadi 15 kisha akaatamia ana deni dogo kuliko kuku wa kisasa, na huokota sehemu ya mahitaji yake nje. Kwake chombo hicho kinatosha.

7. Onyo: chokaa ya kujengea si chakula

Neno chokaa hutumika kwa vitu tofauti. Chokaa ya mifugo ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa. Chokaa ya kujengea na ya kupaka kuta imechomwa katika tanuri, na ni kali kiasi cha kuunguza ngozi, macho, mdomo na utumbo. Kuchanganya chokaa hiyo katika chakula cha kuku ni kuwaunguza kutoka ndani. Mfugaji anayeitumia kupaka kuta za banda ahakikishe imekauka kabla ya kuku kuingia, na aihifadhi mbali na ghala la chakula. Jasi na vumbi la saruji pia visitumike.

8. Namna ya kununua

Soma lebo kabla ya kulipa. Lebo inapaswa kuonyesha jina na anwani ya mtengenezaji, aina ya chakula na umri wa kuku wanaokusudiwa, viwango vya virutubisho ikiwamo kalsiamu, tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa matumizi. Kwa chakula cha kutagia, tafuta kalsiamu ya asilimia 3.5 au zaidi. Kwa chakula cha kukuzia, isizidi sana asilimia 1. Mfuko uliofunguliwa ukauzwa kwa kilo huondoa uwezo wako wa kuthibitisha lolote kati ya hayo. Ukilazimika kununua hivyo, omba kuuona mfuko wenyewe na lebo yake.

Chokaa au makombe yanayouzwa bila lebo yanaweza kuchunguzwa kwa njia rahisi ya nyumbani. Weka kijiko kimoja cha chai katika bilauri, kisha mimina siki au maji ya ndimu hadi yafunike. Kalsiamu kaboneti itatoa povu na kuyeyuka polepole. Ongeza siki mpaka povu likome. Kinachobaki chini ni mchanga na uchafu. Ikiwa robo au nusu ya kijiko imebaki, umelipia mchanga. Kipimo hiki hakionyeshi sumu wala hakichukui nafasi ya lebo, lakini huutambulisha udanganyifu ulio wa kawaida zaidi.

Tanzania Bara, biashara ya vyakula vya mifugo inasimamiwa na Sheria Namba 13 ya mwaka 2010 inayohusu nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo. Mnunuzi anayeshuku ubora wa chakula atunze risiti, lebo, na sampuli ya kilo moja katika mfuko safi mkavu, kisha amwone afisa mifugo wa kata au wa halmashauri. Maabara ya Veterinari Tanzania pia ina huduma ya kupima vyakula vya mifugo. Bila risiti na sampuli, malalamiko hubaki kuwa maneno matupu.

9. Si kila ganda laini ni upungufu wa kalsiamu

Kabla ya kuongeza kalsiamu, jiulize maswali haya.

Je, kuku ndio kwanza wameanza? Mayai ya wiki ya kwanza au ya pili mara nyingi huwa madogo, yenye viini viwili, au yenye ganda laini, kwa kuwa mwili haujazoea. Chakula kikiwa sahihi, hali hii hupita yenyewe.

Je, kuna joto kali? Katika miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, kuku wa pwani hutweta sana. Kutweta hupoteza hewa ya ukaa kutoka katika damu, ambayo ni malighafi ya ganda, na joto humfanya kuku ale kidogo. Tiba ni kivuli, upepo, maji baridi safi yasiyokatika, na kulisha alfajiri na jioni.

Je, kuna ugonjwa? Mdondo, na bronkaitisi ya kuambukiza ya kuku, huweza kuharibu ganda na umbo la yai ghafla katika kundi zima. Ikiwa kuku wanakohoa, wanakoroma, au mayai yamepungua kwa siku chache, chokaa haitasaidia. Mwite daktari wa mifugo.

Je, kuku ni mzee? Kadiri mtetea anavyozeeka, yai huwa kubwa na ganda huwa jembamba. Hapo nyongeza ya chembe jioni husaidia.

Je, ni rangi tu iliyopauka? Rangi ya ganda haitokani na kalsiamu.

Ukimkuta kuku aliyekaa chini asiyeweza kusimama, mtenge na wenzake mahali laini, mwekee maji, chakula cha kutagia na chembe za kalsiamu karibu na mdomo, na umtazame kwa siku chache. Wengine huinuka. Lakini mchukulie kama mjumbe: ikiwa mmoja ameanguka, wenzake wanakaribia, na chakula cha kundi zima kinapaswa kuchunguzwa siku hiyo hiyo.

Muhtasari

Matembe wabaki na chakula cha kukuzia hadi undu uwe mwekundu. Wapewe kalsiamu ya kati kwa wiki mbili. Wahamie chakula cha kutagia mayai ya kwanza yanapoonekana. Nyongeza iwe ya chembe, jioni, katika chombo chake. Chokaa iwe ya mifugo, yenye lebo. Hesabu ya mifupa ya kuku hufunguliwa mara moja tu, kabla ya yai la kwanza. Baada ya hapo hutolewa kila siku.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kuku anayetaga anahitaji kalsiamu ya chembe zaidi jioni kuliko asubuhi?
2. Una chakula cha kukuzia chenye kalsiamu asilimia 1 na cha kutagia chenye asilimia 4. Ukichanganya kwa usawa, utapata asilimia ngapi, na mchanganyiko huo unafaa kwa kipindi gani?
3. Jirani anawapa matembe wa wiki 9 chakula cha kutagia. Mweleze madhara mawili yanayoweza kutokea.
4. Taja tofauti kati ya chokaa ya mifugo na chokaa ya kujengea.
5. Kundi lako limeanza kutoa mayai yenye ganda laini, na baadhi ya kuku wanakoroma. Je, utaongeza chokaa? Eleza sababu ya jibu lako.